Chamonix au Zermatt: tulikwenda kote kuwili na bado tunabishana

Wifi yangu alitaka Chamonix, mimi nikataka Zermatt. Mume wangu, ambaye hajawahi kuvaa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, maishani, alitaka amani tu, akapendekeza tugawe siku nane za likizo: nne Ufaransa, nne Uswisi. Nilidhani ni wazo la mtu anayekwepa ugomvi. Kumbe ndilo lililotupa nafasi ya kupima vituo viwili vikubwa vya kuteleza kwenye theluji tukiwa watu watatu wa viwango vitatu. Wifi anateleza tangu akiwa mwanafunzi, mimi ni wa njia za buluu (rahisi) na nyekundu (ngumu kiasi) kidogo, mume wangu ni wa kuanguka.

Tulianza Chamonix. Huu ni mji hasa, hautegemei watalii wa skii peke yao, na historia imejaa kila kona: michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika hapa mwaka 1924. Mlima wa Mont Blanc uko juu ya paa za nyumba. Lakini jambo ambalo picha hazikuambii ni kwamba mji uko chini, kwenye mita 1,035 hivi, na sehemu za kuteleza zimetawanyika bondeni kama mashamba ya urithi. Brévent na Flégère ziko upande huu, Grands Montets ziko kule Argentière, Le Tour ni mwisho wa bonde, na Les Houches ni upande wa pili kabisa. Kila asubuhi ni basi. Ukiwa umevaa buti za skii, umekumbatia mbao na fimbo, na basi limejaa watu waliokumbatia mbao na fimbo, unajifunza uvumilivu.

Siku ya kwanza ilinitesa kwa sababu ya buti. Duka tulilokodisha (silitaji) walinipima kwa kunitazama tu. Kufika mchana kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi. Kesho yake mwalimu wa mume wangu alinionyesha namna ya kupima, ikachukua dakika moja: vaa soksi moja nyembamba, si mbili nene kama nilivyofanya, funga buti, simama wima. Vidole viguse mbele kidogo. Kisha kunja magoti uegemee mbele. Vikirudi nyuma na kisigino kikatulia bila kunyanyuka, hiyo ndiyo saizi yako. Nikarudi dukani nikabadilishiwa, hawakunipa hata pole.

Wifi alikuja Chamonix kwa ajili ya kitu kimoja: Vallée Blanche. Unapanda gari la nyaya la Aiguille du Midi hadi mita 3,777, kisha unashuka kilomita 20 hivi juu ya mto wa barafu. Si njia iliyotengenezwa. Kuna nyufa zinazoweza kummeza mtu, hivyo alikodi kiongozi, akafungwa mikanda ya kamba, akapewa kifaa cha kutafutana chini ya theluji. Mimi nilipanda naye hadi juu kama msindikizaji. Watelezaji wanatokea kwenye handaki la barafu wakiwa wamefungwa kamba moja, skii zimebebwa, wanashuka kwa miguu kwenye ukingo mwembamba wa theluji. Kushoto ni bonde, chini kabisa mji unaonekana kama kokoto. Nilishika chuma cha mlango kwa mikono yote miwili, na mimi sikuwa naenda popote. Wifi alirudi jioni macho yanang'aa, hakuweza kula.

Mume wangu siku hiyo alikuwa Le Tour na walimu na watoto wa miaka mitano. Mimi nilikuwa Flégère, peke yangu. Siku ya tatu mawingu yakashuka, upepo ukafunga lifti za juu zinazopandisha watelezaji mlimani, na tulipotaka kwenda Les Houches, ambako kuna miti inayosaidia kuona njia, tukaambiwa tiketi yetu ya kawaida haihusu huko. Tusome vizuri kabla ya kulipa, jamani.

Kwenda Zermatt tulipanda treni kupitia Martigny na Visp. Ni safari ya kubadilisha-badilisha ukiwa na mizigo, ila madirishani ni sinema. Zermatt haina magari ya kawaida: wenye magari huyaacha Täsch na kumalizia kwa treni. Ndani ya kijiji kuna viteksi vya umeme vinavyokuja nyuma yako kimya kimya kama paka. Na kweli, mlima wa Matterhorn, mita 4,478, ni mzuri kuliko picha zake.

Kilichoniamulia mimi ni treni ya Gornergrat. Inapanda tangu 1898, hadi mita 3,089, na mtu asiyejua skii anaipanda sawasawa na bingwa. Kwa mara ya kwanza tangu tufike tulikula chakula cha mchana pamoja, pale Riffelberg, kituo cha njiani. Mume wangu alijaribu kushuka na mimi njia ya buluu, akaanguka mara nne, akavua skii, akarudi kituoni akapanda treni kama abiria yeyote mwenye heshima zake. Chamonix angekuwa bado anasubiri basi.

Siku moja wifi na mimi tulivuka hadi Cervinia, upande wa Italia. Njia pana, laini, jua. Hapo unahitaji tiketi ya nchi mbili, na bima ya kumlipa uliyemgonga, ambayo sheria ya Italia inaitaka tangu 2022. Cha kuchunga ni upepo. Lifti za mpakani zikifungwa ukiwa ng'ambo, kurudi ni kwa gari kuzunguka milima, saa nyingi na pesa nyingi. Saa saba mchana bendera zikaanza kupiga, wifi akataka raundi moja zaidi, nikakataa. Tulivuka. Nusu saa baadaye taa ya lifti ile ilikuwa nyekundu.

"Wifi, wewe unatafuta sebule yenye theluji," aliniambia usiku. Simlaumu. Kwa mtelezaji kama yeye Chamonix haina mpinzani, na Zermatt mfuko unalia zaidi, hasa vyakula vya mlimani. Lakini sisi tulikuwa watatu.

Majira yajayo tumekubaliana Zermatt, siku saba. Wifi amesema siku ya tatu atapanda treni ya Martigny, peke yake, na tusimwekee chakula.