Jina lako au jina la kukodi?

Anayejenga hoteli ya kifahari Zanzibar hulikuta swali hili mapema. Jina la kimataifa, mfano Park Hyatt iliyopo Mambo Msiige, Mji Mkongwe, tangu 2015, huja na mfumo wa kuweka nafasi na wageni wanaolijua tayari; hata benki hulegeza uso. Lakini ada hukatwa kwenye mapato kabla hujaona faida, na mpaka unene wa taulo wanaamua wenye jina.

Jina lako halina ada, lina subira. Adrian Zecha alianza kundi la hoteli za kifahari la Aman na hoteli moja pekee, Amanpuri, huko Phuket, Thailand, mwaka 1988. Makuti yakivuja ni juu yako, ila mgeni atakumbuka mlango wako. Napenda njia hii. Hata hivyo, mwenye vyumba 150 na mkopo mzito akodi jina. Mwenye 12 Paje, asikubali.