Algaltoxkit F: kupima sumu kwa mwani bila kufuga mwani

Anayetaka kujua kama kiuagugu, dawa ya ukungu yenye shaba au maji yanayotoka kiwandani yanadumaza mwani wa maji baridi ana kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni kipimo chenyewe, ambacho huchukua saa 72. Ya pili ni kufuga mwani mwaka mzima: kuuhamishia kwenye lishe mpya kila baada ya siku chache, kuulinda dhidi ya bakteria na kuhakikisha kwamba siku ya kipimo unakua kwa kasi badala ya kuwa umezeeka. Kwa maabara inayofanya vipimo vinne au vitano kwa mwaka, kazi hii ya pili ndiyo inayomaliza muda na moyo. Seti ya Algaltoxkit F, inayotengenezwa na MicroBioTests ya Gent, Ubelgiji, inaiondoa kabisa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua, na nyingine ni kiveti chake (kijichombo cha kupitishia mwanga) cha sentimita 10. Lakini mwanga, joto na hesabu haviji kwenye boksi, na vipimo vingi huharibikia hapo hapo.

Mwani uliomo ni Raphidocelis subcapitata, seli moja ya kijani iliyopinda kama mwezi mwandamo. Kwenye ripoti za zamani utaukuta kwa majina ya Selenastrum capricornutum na Pseudokirchneriella subcapitata. Ni yule yule, basi usidhani unasoma kuhusu viumbe watatu. Ukoo unaotumiwa duniani kote ulitolewa mto Nitelva, Norwe, mwaka 1959. Umependwa kwa sababu unakua haraka na seli zake hukaa mojamoja bila kushikana vibonge, kwa hiyo kuzihesabu ni rahisi.

Ndani ya boksi mna vijichupa vya shanga za alginati (jeli itokanayo na mwani wa baharini) zenye mwani uliolala, kimiminika cha kuyeyushia shanga hizo, stoki nne za virutubisho (A, B, C na D), viveti virefu vyenye vifuniko na trei za kuvilaza. Vinatosha majaribio mawili kamili. Spektrofotometa (mashine ya kupima mwanga unaopenya kimiminika), sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili vizito vitue chini), taa, maji yaliyokenekwa na chupa za vipimo ni vyako.

Lishe hutengenezwa kwa kutia mililita 10 za stoki A na mililita 1 ya kila moja ya B, C na D katika maji yaliyokenekwa, kisha kujazia hadi lita 1. Tia A kwanza kwenye maji mengi, karibu mililita 800, ndipo zifuate nyingine. Stoki zikikutana zikiwa kali bado, madini yanaweza kuganda na chuma kikajitenga, na mwani utakosa chuma bila wewe kuona kitu. Pitisha hewa kidogo au iache lishe ipumue, kisha pima pH. Maji ya chupa ya dukani si maji yaliyokenekwa hata kama chupa imeandikwa "safi"; yana chumvi zake. Maji ya betri nayo tusingeyaamini bila kuyapima upitishaji wake wa umeme kwanza.

Kufungua shanga ndiyo hatua inayotaka mkono mtulivu. Mimina maji ya kuhifadhia, shanga zibaki chini ya kijichupa. Tia mililita 5 za kiyeyushi, funga, tikisa kwa nguvu, pumzika, tikisa tena, hadi usione hata punje. Kwa kawaida ni kama dakika kumi. Kiyeyushi hiki huing'oa kalsiamu inayoshikilia alginati, na ndiyo maana hakitakiwi kubaki: masalia yake yataendelea kukamata madini ndani ya kipimo. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, mwaga maji ya juu, tia mililita 10 za maji yaliyokenekwa, tikisa, zungusha tena, mwaga, kisha mwani uingie kwenye lishe. Anayeruka uoshaji huo wa maji ili kuokoa robo saa akipima shaba au zinki atapata kemikali inayoonekana mpole kuliko ilivyo. Wakati wa kumwaga, inamisha kijichupa polepole kwa mwendo mmoja. Doa la kijani lililo chini halijashika sana, na ukisita katikati litanyanyuka na kuondoka na maji.

Sasa soma mwangaumezwa (kiasi cha mwanga unaomezwa na mwani) kwa nanomita 670, piga hesabu ya idadi ya seli, na uzimue mpaka ufikie seli milioni 1 kwa mililita. Mililita 1 ya stoki hiyo katika kila mililita 100 ya kipimo inakupa seli 10,000 kwa mililita, idadi ambayo mwongozo namba 201 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) na kiwango namba 8692 cha ISO (shirika la kimataifa la viwango) vinaikubali kwa mwani huu. Mwenye hemositomita (kioo cha kuhesabia seli kwa hadubini) ahakikishe angalau mara moja kwa kila boksi. Kosa la hapa husafiri na jaribio lote.

Kiveti ndicho kilichotushawishi. Katika kiveti cha kawaida cha sentimita 1, seli 10,000 kwa mililita ni kama maji matupu kwa mashine. Namba inayotoka ni kelele tu. Katika sentimita 10 za mwanga, usomaji huwa mara kumi zaidi kwa seli zile zile. Zaidi ya hapo, mwani hukulia ndani ya kiveti hicho hicho chenye mililita 25, kwa hiyo kila siku unakichukua, unakisoma na kukirudisha. Hakuna pipeti, hakuna kuchota sampuli, hakuna ujazo unaopungua siku hadi siku. Kabla ya kununua, pima kwanza chumba cha spektrofotometa yako. Mashine nyingi za kawaida zina kishikio cha sentimita 1 peke yake, na bila kishikio cha sentimita 10 boksi zima halikufai kitu.

Usomaji una masharti yake. Mwani huu hutuama, kwa hiyo pindua kiveti taratibu mara kadhaa kabla ya kusoma, bila kutikisa kama dawa ya kikohozi, maana povu jembamba litakaa kwenye njia ya mwanga. Shika pembeni tu, si kwenye madirisha mawili ya mwisho. Weka alama upande mmoja na uingize kiveti upande huo huo siku zote nne: saa 0, 24, 48 na 72. Kifuniko kisibanwe hadi mwisho wakati wa kukuza, kwani mwani unahitaji kaboni dioksidi kutoka hewani. Ukikiziba kabisa, pH itapanda na linganishi (viveti visivyo na sumu) litachoka siku ya tatu.

Mwanga na joto. Mwongozo wa OECD unataka nyuzi 21 hadi 24, zisizoyumba zaidi ya nyuzi 2, na mwanga mweupe usiokatika wa takribani laksi 4,440 hadi 8,880. Taa za LED zinafaa na hazichemshi chumba, ila chagua nyeupe za kawaida. Pima mwanga mahali kiveti kinapolala, si chini ya taa tu. Pembe za rafu hupata kidogo kuliko katikati, ndiyo maana viveti hubadilishwa nafasi kila siku bila mpangilio maalumu. Ukiweka linganishi katikati na ukolezi mkubwa (viveti vyenye kemikali nyingi) pembeni siku zote tatu, utakachopima ni rafu yako. Katika miji ya pwani yetu, kazi ngumu ni kushusha joto, si kupandisha: kabati la kupoza au chumba chenye kiyoyozi cha kuaminika ni lazima. Umeme ukikatika usiku kucha, mwani wote hudumaa, linganishi likaanguka chini ya kiwango, na siku tatu zikaenda bure. Taa za LED hazili umeme mwingi, kwa hiyo betri na inveta ya ukubwa wa wastani huzimudu. Kiyoyozi ni habari nyingine.

Ukolezi upange kwa hatua zinazozidishana. Kwa jaribio la kujipima tumia potasiamu daikromati: tengeneza stoki ya miligramu 100 kwa lita, kisha chupa za mililita 100 zenye miligramu 0.32, 0.56, 1.0, 1.8 na 3.2 kwa lita. Kwa chupa ya 3.2 ni mililita 3.2 za stoki, kwa 1.0 ni mililita 1, na kuendelea, zote zikijaziwa kwa lishe. Nusu ya kasi ya ukuaji hupotea karibu na miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo mfululizo huu unaizunguka vizuri. Ukipata nusu hiyo kwenye 3, usiendelee na sampuli ya mteja. Tafuta kosa kwanza. Ukolezi sita, pamoja na linganishi, kwa marudio matatu ni viveti 18, na ndivyo boksi lilivyopangwa. Hapa tuna lawama ya haki: OECD inakubali linganishi tatu lakini inasema ni bora ziwe mara mbili ya marudio ya kila ukolezi, yaani sita. Anayeandikia ripoti mamlaka ya usajili wa viuatilifu aongeze viveti vitatu, au apunguze majaribio anayotarajia kutoa kwenye boksi moja.

Hesabu ndiyo inayowachanganya wengi. Kasi ya ukuaji ni logi asilia ya idadi ya mwisho toa logi asilia ya idadi ya mwanzo, kisha gawanya kwa siku. Tuseme linganishi limetoka seli 10,000 hadi 1,000,000 kwa siku tatu: logi asilia ya 100 ni 4.605, gawanya kwa 3, unapata 1.535 kwa siku. Nusu ya kasi hiyo ni 0.767, nayo kwa siku tatu huzaa mara kumi tu, yaani seli 100,000. Kwa hiyo kiveti kilichopoteza nusu ya kasi kina sehemu moja ya kumi ya seli za linganishi. Ukipima kwa mavuno (seli zilizoongezeka) badala ya kasi, kiveti hicho hicho kimepoteza asilimia 91. Mwani ni ule ule na sumu ni ile ile, ila namba ni mbili tofauti kabisa. Ripoti inayosema "EC50" (ukolezi unaoondoa nusu) bila kutaja kama ni ya kasi au ya mavuno haifai kulinganishwa na nyingine yoyote. Kwa idadi ya mwanzo tumia seli 10,000 ulizotia, si usomaji wa saa 0, kwani usomaji huo ni mdogo mno na mchafuko wake huingia kwenye kila matokeo.

Kabla ya kuangalia sumu, angalia linganishi. OECD inataka liongezeke angalau mara 16 kwa saa 72, tofauti kati ya marudio ya linganishi isizidi asilimia 7 ya kasi, na pH isipande zaidi ya 1.5. ISO ni mkali zaidi: kasi ya 1.4 kwa siku, sawa na mara 67. Mwani wa shanga ukiamshwa vizuri hufika huko bila shida. Usipofika, chunguza kwa mpangilio huu: mwanga, joto, maji, umri wa shanga. Shanga zikae kwenye friji, gizani, bila kuganda hata mara moja. Barafu huzipasua seli. Agiza mzigo ufike mwanzoni mwa wiki, usije ukalala uwanja wa ndege Jumamosi na Jumapili kwenye joto.

Sampuli za maji machafu zina mitego yake. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha uitie sampuli yenyewe stoki A hadi D kwa kipimo kile kile cha lishe. Vinginevyo mwani utadumaa kwa njaa nawe utaandika sumu. Kinyume chake nacho hutokea: maji yenye mbolea au kinyesi hukuza mwani kuliko linganishi, na uzuiaji ukatoka hasi. Uandike hivyo hivyo, usiufanye sifuri. Maji yenye rangi, kama ya viwanda vya nguo, yanahitaji kiveti cha ziada kisicho na mwani kwa kila ukolezi ili usomaji wake utolewe. Hilo hurekebisha namba, ila halirekebishi kivuli: rangi inaunyima mwani mwanga, na kudumaa huko si sumu.

Kwa baadhi ya kemikali seti hii si chaguo. Zinazoruka hewani hutoka kupitia kifuniko kilichoachwa wazi. Zinazopenda mafuta hunata kwenye plastiki, na ukolezi halisi siku ya tatu huwa mbali na ulioandika. Hizo zitafutie vyombo vya kioo na upime ukolezi mwanzo na mwisho. Kumbuka pia kwamba nanomita 670 huona hata seli iliyokufa ikiwa bado na kijani chake, basi viveti vyenye ukolezi mkubwa vitazame kwa hadubini saa 72. Ukikuta seli zimevimba au zimepauka huku usomaji ukiwa bado mzuri, andika ulichoona.

Maabara inayopima kila wiki ifuge mwani wake na inunue viveti virefu peke yake; boksi zima litakuwa ghali bila sababu. Chuo chenye wanafunzi wachache wa shahada ya uzamili, ofisi ya bonde la maji au kiwanda kinachojikagua mara moja kwa robo mwaka, hao ndio wanaofaidika. Waanze na daikromati, kwa glavu, kwani husababisha saratani, na mabaki yake yote yaende kwenye dumu la taka za kromiamu, si kwenye sinki.