Mashine ndogo ya kuoshea kwa presha na maji ya tenki la juu: tathmini kutoka Ipuli, Tabora

Mashine ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya umeme ya wati 1,400, ya aina inayopatikana katika maduka ya vifaa mjini Tabora, ambayo kwa mujibu wa kibandiko chake hutumia takriban lita 6 za maji kwa dakika. Ninaitumia uani kwangu Ipuli kuoshea gari, pikipiki na sakafu ya baraza, na sijawahi kuiunganisha moja kwa moja na bomba la mtaani. Maji yake yote hutoka kwenye tenki la lita 1,000 lililokaa juu ya stendi ya chuma, na hakuna pampu nyingine kati ya tenki na mashine. Muuzaji aliyenihudumia aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Kaka, tenki la juu halina presha. Chukua na pampu ya kusukumia maji, la sivyo utaiunguza." Ushauri huo hutolewa mara nyingi, na kwa mashine ya ukubwa huu nauona kuwa si sahihi, tena unawagharimu watu fedha ambazo zingetosha kununua mpira mzuri na vifaa vyake vyote.

Presha ya kuoshea hutengenezwa na pampu iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Inachohitaji mlangoni, yaani pale maji yanapoingia, ni maji ya kutosha yasiyokatika. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya karibu bar 1. Stendi yangu ina mita 3, kwa hiyo tenki likijaa maji hufika kwenye mashine yakiwa na presha ya bar 0.4 hivi, na likikaribia kwisha hubaki bar 0.3. Mtu akilinganisha na bomba la mtaani lenye bar 2, ataona tofauti kubwa, lakini kwa pampu inayoyatoa maji hayo kwa bar 100 tofauti hiyo si kitu, mradi lita zake 6 zimefika ndani ya kila dakika. Zikifika 5 tu, hapo ndipo madhara yanapoanza. Pampu huendelea kuvuta, presha ndani yake hushuka mno, na maji hugeuka viputo vya mvuke bila hata kupashwa moto. Viputo hivyo vinapopasuka hugonga vyuma vya ndani na kuzila polepole sili, yaani vipande vya mpira vinavyozuia pampu isivuje. Dalili zake hazifichiki: mlio wa mashine huwa wa kukwaruza, mpira wa kutolea maji hutetemeka mkononi, na maji hutoka kwa kukatika-katika badala ya kuchomoka kwa mfululizo.

Kwa upande wa mashine yenyewe, nina mengi ya kusifu. Ikipewa maji ya kutosha hufanya kazi kwa utulivu, na mota hujizima kila mkono unapoachia kifyatuo cha bunduki ya kurushia maji, jambo linalozuia maji yaliyonaswa ndani ya pampu yasipate moto. Nguvu yake inatosha kung'oa tope lililokauka chini ya matao ya magurudumu baada ya safari ya barabara ya vumbi.

Vifaa vilivyomo ndani ya boksi ndivyo vilivyonisikitisha. Kiungio cha plastiki cha mlango wa maji kina tundu jembamba kuliko mpira wenyewe, na ni wazi kwamba aliyekibuni alikuwa akifikiria nyumba yenye bomba la nguvu, ambako presha ya ziada hufidia wembamba huo. Kwa mtu wa tenki hakuna presha ya kufidia chochote. Nimekiondoa na kuweka cha shaba chenye tundu pana, na kwenye tenki nimeweka koki ya kugeuza robo mzunguko ambayo ikifunguliwa huacha njia yote wazi, kwa sababu koki za kawaida za kuzungusha huyapindisha maji na kuyapunguza hata zikifunguliwa hadi mwisho.

Mpira wa kuleta maji ndio unaostahili fedha za mnunuzi kuliko kitu kingine chochote. Watu wengi hununua wa nusu inchi kwa kuwa ndio ulio rahisi kupatikana. Ukiwa wa mita 10, na mashine inatumia lita 6, msuguano ndani ya mpira huo utakula presha inayolingana na chini kidogo ya mita moja ya kimo cha tenki, kiasi kinachovumilika. Lakini ukichukua wa robo tatu ya inchi, upotevu hupungua zaidi ya mara saba kwa kiasi kile kile cha maji. Hakuna fundi wa kuchomelea anayeweza kukuongezea stendi kwa bei ya tofauti ya mipira hiyo miwili. Mimi ninatumia wa robo tatu, na ninapendekeza kila mtu afanye hivyo kabla hajafikiria kuinua tenki.

Mpira wa presha uliokuja na mashine, kwa bahati mbaya, ni mfupi, na ufupi huo humlazimisha mtumiaji kuisogeza mashine karibu na gari na kuurefusha mpira wa kuleta maji, ambao ndio usiotakiwa kurefushwa. Ni afadhali kufanya kinyume chake, yaani mashine ikae chini ya tenki na urefu uongezwe upande wa presha, kwa sababu upande wenye bar 100 kupoteza nusu bar hakumuumizi mtu, ilhali upande wa tenki hiyo nusu bar ni zaidi ya yote uliyo nayo.

Kipimo cha kuamua kama mfumo unafaa hakihitaji chombo cha kitaalamu. Fungua mpira pale unapoingia kwenye mashine, uuweke kwenye ndoo ya lita 20 iliyosimama usawa ule ule wa mashine, kisha uangalie saa. Mashine ya lita 6 inahitaji ndoo ijae ndani ya dakika 3 na sekunde 20, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mimi ningetaka ijae ndani ya dakika mbili, na kipimo kifanyike tenki likiwa limebaki robo. Kwangu hujaa kwa chini ya dakika moja na nusu.

Kitabu cha maelekezo kinaruhusu pia kuvuta maji kutoka kwenye pipa lililo chini, kwa kimo kisichozidi nusu mita. Njia hiyo siipendi kwa huku kwetu. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoyasukuma maji kuingia kwenye pampu hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Kwa mwenye tenki juu, kuteremsha maji kwenye pipa ili mashine iyavute tena ni kuitupa faida aliyokwisha kuilipia.

Kiangazi cha Tabora kina mambo yake mawili. Vumbi na majani ya miembe huingia tenkini kila mfuniko unapokaa vibaya, kwa hiyo tundu la kutolea maji liwe sentimita kadhaa juu ya sakafu ya tenki, na chujio la mlango wa mashine lifunguliwe na kusuuzwa mara kwa mara, kwa sababu chujio lililojaa tope ni sawa na mpira mwembamba. Pili, maji yaliyolala ndani ya mpira juani hupata moto sana, na mashine hizi kwa kawaida hazitakiwi kupokea maji yanayozidi nyuzi 40. Yamwagwe kwanza. Umwagaji huo huo huondoa hewa: koki ikiwa wazi na mashine ikiwa imezimwa, bonyeza bunduki hadi maji yatoke bila viputo, ndipo uwashe umeme.

Kama tenki hilo ndilo la maji ya kupikia, weka valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ili sabuni isipate njia ya kupanda.

Mwenye mashine ya petroli inayotumia lita 12 kwa dakika asichukue vipimo vyangu kama vilivyo. Mpira wa nusu inchi wa mita 20 ungemla zaidi ya mita 5 za kimo, nyingi kuliko stendi yangu yote na tenki lililojaa. Huyo aanze na bomba la inchi moja hadi karibu na mashine, apime kwa ndoo, na akiona bado maji hayatoshi, ndipo anunue ile pampu ya muuzaji.