Kifurushi cha kawaida cha kupima kuganda kwa damu: nyota 2 kati ya 5

Mtoto akifikishwa hospitali na alama za damu kuvilia ambazo hakuna anayeweza kuzieleza, swali la kama amepigwa huja haraka, na maabara nyingi huletewa ombi lilelile: hesabu ya chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda), PT na aPTT (vipimo viwili vya muda ambao damu huchukua kuganda). Hemofilia kali (damu kutoganda vizuri kwa upungufu wa faktari VIII au IX, yaani protini za kugandisha damu) hurefusha aPTT, upungufu wa vitamini K hurefusha PT. Hadi hapo kifurushi kinafanya kazi yake.

Kasoro ni yale kinachoyapitisha. Ugonjwa wa von Willebrand (upungufu au kasoro ya protini ya kugandisha damu yenye jina hilo) na hemofilia hafifu vinaweza kutoa majibu safi kabisa, na upungufu wa faktari XIII hauonekani kwa PT wala aPTT, hata kama kitovu cha mtoto kilivuja damu siku nyingi. Kwa majibu hayo daktari huandika kwamba damu haina tatizo, na mzazi anabaki mtuhumiwa. Agizeni mapema faktari VIII, IX na XIII, pamoja na kiasi na utendaji wa protini ya von Willebrand. Ukoo usio na ugonjwa si kinga: takriban theluthi moja ya hemofilia hujitokeza bila historia ya familia.

Mengi huharibika kwenye kuchukua damu. Chupa ya kifuniko cha buluu inataka sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, kemikali inayozuia damu kuganda chupani. Isipojaa, sitreti huzidi na aPTT hurefuka bure. Mpira wa mshipani uliosafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huleta uongo huohuo. Damu isiwekwe kwenye barafu, kwani baridi hushusha von Willebrand, na aPTT ipimwe ndani ya saa 4. Kilio na homa, kinyume chake, huipandisha von Willebrand, kwa hiyo jibu zuri la mtoto aliyekuwa akipiga kelele lirudiwe akitulia. Kwa kichanga dai viwango vya umri wake. Faktari IX huwa chini kwa miezi ya mwanzo.

Ugonjwa ukipatikana, picha za mifupa na uchunguzi wa macho visisimame: mwenye hemofilia naye hupigwa.

Majibu ya faktari huchelewa, hasa sampuli ikitumwa maabara nyingine. Damu ichukuliwe kabla ya mtoto kuongezewa plazma (majimaji ya damu), na maabara iombwe igandishe plazma ya sampuli iliyobaki, ili faktari iliyosahaulika ipimwe bila kumchoma mtoto tena.