Seva ya faili kwa ofisi ndogo: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Ofisi ya watu watano hadi kumi haihitaji chumba cha seva. Inatosha kisanduku kimoja chenye diski mbili, kilichochomekwa kwenye ruta kwa waya, ambacho katibu au mhasibu anaweza kukisimamia kwa kufungua kivinjari na kuandika anwani yake. Ndiyo maana mimi huanza kuukagua ukurasa wa usimamizi kabla hata ya kuuliza prosesa. Siku fundi yuko safarini na mfanyakazi mpya ameripoti kazini, nani atamfungulia akaunti?

Kwa swali hilo, namba moja ni Synology DS223. Mfumo wake, DSM, hufunguka kwenye kivinjari ukiwa na aikoni na madirisha kama kompyuta ya kawaida. Kutoa ruhusa ni kuchagua folda, kutafuta jina la mtu na kuweka tiki: asome tu, asome na kuandika, au azuiwe kabisa. Katibu niliyemwonyesha mara moja aliendelea mwenyewe. Wakati wa kuandaa diski chagua Btrfs, mpangilio wa faili unaoruhusu snapshoti, kisha panga snapshoti za kila siku, yaani kumbukumbu ya faili zilivyokuwa saa hiyo. Jedwali la mishahara likifutwa Ijumaa jioni, unarudisha la asubuhi. RAM yake ni GB 2 na haiongezeki, lakini kwa kugawana faili tu inatosha.

Angalia bei vizuri: kisanduku huuzwa bila diski. Diski mbili za TB 4 katika RAID 1, yaani zikiunganishwa ili kila faili liandikwe kwenye zote mbili, zinakupa TB 4, siyo 8, maana ya pili ni pacha wa ya kwanza. Nunua za CMR, zinazoandika mistari ya data bila kuipandanisha. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red zilikuwa za SMR, ambazo hupandanisha mistari hiyo na huzorota sana RAID inapojengwa upya, yaani diski mpya inapojazwa nakala baada ya moja kufa. WD Red Plus ni CMR.

Bajeti ikibana, namba mbili ni openmediavault, mfumo wa seva ya faili unaousakinisha kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika. Ni ya bure, imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na hutaka diski yake yenyewe, mbali na zile za faili. Unaingia kwa jina admin na nenosiri openmediavault. Libadilishe dakika hiyohiyo. Kisha zoea mstari wa njano unaotokea juu ya ukurasa kila ukihifadhi badiliko. Usipobonyeza tiki yake, badiliko halijaanza kazi. Nimeshapigiwa simu usiku, "folda haionekani," kumbe tiki tu.

TrueNAS, mfumo mwingine wa kusakinisha kwenye kompyuta, naiweka ya tatu, ingawa kwa kulinda data ndiyo ninayoiamini kuliko zote: ZFS, mpangilio wake wa faili kwenye diski, hukagua kila kipande cha data kinaposomwa. Inataka RAM ya GB 8 kwenda juu, na ukurasa wake wa ruhusa humchanganya asiye fundi. Studio ya video yenye mtu wa kompyuta, ichukue.

QNAP, chapa ya visanduku kama Synology, ni ya nne. Vifaa vyake ni imara, ila ukurasa umejaa vitu vingi mno kwa katibu. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga faili kwenye mashine za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti na kudai bitikoini 0.03 kwa kila moja. Basi, uwe umenunua chapa yoyote, usifungulie ukurasa wa usimamizi mlango wa intaneti kwenye ruta. Anayefanya kazi nyumbani apitie VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi, kama WireGuard.

Diski ya USB iliyochomekwa kwenye ruta iache. Ruta nyingi za zamani huzungumza SMB1 peke yake, toleo la kizamani la lugha ya kugawana faili, na Windows za sasa haziji nayo.

Umeme unavyokatika kwetu, UPS, betri ya akiba, ni sehemu ya bei. Chukua yenye waya wa USB, uichomeke kwenye seva, na kwenye ukurasa uweke ijizime kwa utaratibu betri ikipungua.

Na RAID siyo bekapu: ukifuta faili, limefutika kwenye diski zote mbili. Nunua diski ya nje, faili zinakiliwe humo kila wiki, na diski hiyo ilale nje ya ofisi. Kabla hujamlipa fundi, futa faili moja la majaribio na umwambie alirudishe ukiwa umesimama hapo.