Picha ya mama juu ya karatasi za daftari: uzoefu wangu

Mama hakuacha picha nyingi. Tulibaki na ile ya kadi ya uchaguzi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na humo amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Ndiyo niliyompelekea kijana mmoja anayechora sura za watu kwa biki, yaani kalamu ya wino, karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Bei ni dola 5 kwa karatasi ya mfuko wa simenti, siku tatu.

Akaniuliza, "Yaya (ndivyo huku tunavyomwita ndugu mkubwa), marehemu alikuwa anafanya kazi gani?" Nikamwambia aliuza karanga, akizifunga kwa karatasi za daftari zetu za shule. "Basi niletee hizo daftari." Moyoni nikasema huyu anakwepa kununua karatasi. Nikampa moja iliyobaki sandukuni, ya darasa la nne.

Alibandika kurasa sita juu ya karatasi ya simenti kwa uji wa unga wa muhogo, akazipiga pasi ya makaa. Kwenye mfuko huchukua tabaka la katikati: la nje lina maandishi, la ndani lina vumbi linaloziba biki. Nilikaa nikamtazama. Habonyezi kabisa. Anapitisha mistari myepesi, inapishana, na hapo unaona shavu linajitokeza. Kila mara anafuta ncha kwenye suruali, maana wino wa biki ni mzito, wa mafuta, unajikusanya kwenye kile kigoroli halafu unaachia doa, na doa hilo halifutiki. Moja lilianguka chini ya jicho la mama. Nilishtuka, yeye akaligeuza kivuli.

Hesabu zangu za kugawanya zinaonekana mashavuni, na ile 4/10 nyekundu ya mwalimu imeangukia kwenye kitambaa cha kichwani. Mama angecheka. Au angenipiga mara ya pili.

Ndugu yangu mkubwa alinuna: mzazi anachorwaje juu ya takataka? Nikamkumbusha kwamba Tshibumba Kanda Matulu, wa hapa hapa kwetu, alichora historia ya nchi miaka ya 1970 juu ya mifuko ya unga. Hakunijibu, ila picha imo nyumbani kwake sasa, ukumbini, mbali na dirisha, kwa sababu biki hupauka juani.

Malalamiko ninayo. Siku tatu zilikuwa kumi na moja, na simu hapokei. Tena weupe wa macho aliutia kwa chaki bila kunionya. Kidole changu kilifuta jicho moja siku ile ile. Alilirudishia bure, lakini fremu ya kioo ni juu yako, na inapita bei ya picha.

Nimeshampelekea na ya baba. Hiyo kaniongezea dola 2: ndevu, anasema, zinakula biki.