Seti ya kuchongea kichwa cha chusa cha Wathule: pembe safi, lebo inapotosha

Ndani ya seti hii ya mafunzo mna kipande cha pembe ya karibuu (kulungu wa Aktiki), kisu chenye ncha ya chuma, keekee ya upinde, bamba la sileti na kamba ya ngozi. Ncha ya chuma si kosa: Wathule, mababu wa Wainuiti wa Aktiki, walitumia chuma cha vimondo vya Cape York, Greenland.

Pembe ndiyo inayostahili bei. Ganda la nje ni nene, na sponji ya ndani ni kidogo. Iloweke siku 2 au 3, kwani ikiwa kavu kisu huteleza. Chimba mifereji 2 sambamba hadi ufikie sponji, kisha ng'oa ubale kwa kabari. Wengi huharibu hapa: mfereji usipofika chini, ubale hukatika katikati. Mchoro wa mwiba wa nyuma, unaokifanya kichwa kikingame chini ya ngozi ya sili kamba inapovutwa, ni sahihi kabisa.

Kasoro ni kwamba seti hiyohiyo, pamoja na keekee yake, inauzwa pia kwa lebo ya Dorset. Wadorset, waliokuwepo Aktiki ya Kanada na Greenland kabla ya Wathule kufika kutoka Alaska, hawakutoboa kwa keekee. Matundu yao yalikwanguliwa, ndiyo maana ni marefu na membamba badala ya kuwa ya duara. Kwa darasa, nunua ya Thule tu, na uagize pembe ya akiba.